Wino Mwekundu wa Babu

4 Januari

Babu,

Shikamoo. Huku tuko wazima, ukiacha magoti ya Mama ambayo siku hizi yana serikali yao. Yakikubali kupanda ngazi yanapanda; yakikataa, Mama anakaa palepale katikati na mfuko wake wa sokoni anasubiri yabadili nia. Anakusalimu. Anauliza kama yale masweta mawili unayavaa, au yamekunjwa kabatini yanangoja baridi yenye hadhi.

Mimi nafanya kazi, narudi, nalala. Chumba cha plasta ni kilekile: ndoo ya maji ya uvuguvugu, meza ya bati, msumeno, na benchi la watu waliovunjika. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, na nimechoka kupiga kelele mpaka majirani wanajua habari zetu kabla yako.

Sasa, jambo lenyewe. Hospitali itampeleka mtu mmoja nje, mwaka mzima, akajifunze kutengeneza viungo vya bandia. Huko wanafundisha kwa Kifaransa. Tunaoitaka nafasi hiyo ni wawili, mimi na jamaa wa eksirei, na ataenda atakayefanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa Kifaransa cha mwanzo, mwishoni mwa Agosti. Babu, nimefunga miguu ya watu miaka sita. Ile inayopona naifurahia. Ile inayokatwa nampa mwenye nayo magongo na kumwambia pole. Nimechoka na hiyo pole. Nataka kabla sijazeeka nimpe mtu mguu.

Wewe umefundisha Kifaransa maisha yako yote. Nilipomwambia Mama kwamba nitakuomba unifundishe kwa barua, aliacha kumenya vitunguu. Akasema, "Muombe babu yako kitu kingine chochote." Nikamuuliza kwa nini. Akasema vitunguu vinamchoma macho, akaingia ndani.

Mimi nakuomba hivyohivyo.

Mjukuu wako


2 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako haikuchelewa. Aliyechelewa ni mimi. Nipo. Daktari ameniambia moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kiasi. Marehemu bibi yako angecheka sana, maana yeye alinilaumu miaka yote kwa kinyume chake. Jioni miguu huvimba, nami hujipandisha kitandani kama mtu anayepakia gunia. Jirani yangu mshonaji, Mama Cherehani, ndiye anayenichukulia barua posta na kunifokea nikiacha dawa. Mwambie mama yako masweta nayavaa yote mawili kwa mpigo.

Kuhusu ombi lako. Niliisoma barua nikaiweka chini ya redio. Nikaitoa, nikairudisha. Lugha hiyo sijaigusa muda mrefu, wala sikuwa na nia. Lakini wewe hujaniomba kitu tangu ulipokuwa mdogo ukaomba baiskeli, na baiskeli sikukupa.

Basi sikia masharti. Wanafunzi wangu waliniita Bwana Rudia. Walidhani sijui. Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna kwenda somo la pili mpaka ukurasa wa somo la kwanza uwe safi. Penye kosa natia wino mwekundu, chini naandika "Rudia", na unauandika upya ukurasa mzima, si lile kosa peke yake. Wapo waliolia. Mkuu wa shule mmoja alinisihi nilegeze kamba. Sikulegeza kwake, na kwako silegezi.

Somo la kwanza. Kila jina katika Kifaransa ni la kiume au la kike. La kiume hutanguliwa na *le*, la kike na *la*. Usianze kuguna. Wewe umezaliwa ndani ya ngeli: kiti kimevunjika, meza imevunjika, ukuta umevunjika, dirisha limevunjika. Hukuwahi kumuuliza mama yako kwa nini. Wenzetu wana mbili tu, nawe unataka kuzimia? *Le bras*, mkono wote mpaka begani. *La jambe*, mguu. *Le lit*, kitanda. *La chaise*, kiti. Usiutafute uke wa kiti, hutauona. Lijue kila jina pamoja na kijineno chake, kama unavyomjua mtu pamoja na mwendo wake.

Sifa nayo huvaa sare ya jina, kama kwetu. Nyumba nyeupe, *la maison blanche*. Ukuta mweupe, *le mur blanc*. Hapo huna haja ya mwalimu.

Nijazie ukurasa wa majina ya vitu unavyovigusa kila siku. Acha nafasi pembeni, ya wino wangu.

Babu


20 Februari

Kwa mume wangu mzee, asiyenunua baiskeli,

Shikamoo. Mama anasema masweta mawili kwa mpigo ni dalili ya homa au ya ujeuri, na anajua ni ipi. Kazini tumezidiwa. Mwenzangu wa zamu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo nafunga mimi, nakata mimi, nafagia mimi. Mikono imekauka kama ukuta.

Ukurasa wangu huu hapa. Njia yangu ya kujifunza ni hii: nikimaliza kufunga plasta, kabla haijakauka, naandika juu yake jina la kiungo kwa Kifaransa, na kijineno chake. Juzi mwashi mmoja aliyeanguka kwenye jukwaa aliinua shingo akaniuliza, "Sista, umeniandika nini hapo?"

"Jina la mguu wako."

"Mguu wangu una jina?"

"Unalo. Na ni wa kike."

Akauangalia. "Ndiyo maana hausikii ninachouambia." Benchi zima likacheka, na mwanamke mwenye kiwiko kilichoteguka akasema, "Huo wa kushoto je? Au ndiyo mke mkubwa?"

Nikipita wodini sasa naona masomo yangu yamelala vitandani. Daktari mkuu ameuliza ni nani anayechora wagonjwa.

Swali moja. Kijitabu nilichookota kinasema Kifaransa kina "wewe" mbili: *tu* kwa mtu wa karibu na *vous* kwa mtu wa heshima au mgeni. Nikija kukuandikia kwa lugha hiyo, nitumie ipi kwako?

Mjukuu wako


25 Machi

Mjukuu wangu,

Sijambo. Niliteleza bafuni, si jambo la kuandikia, ila naliandika kabla Mama Cherehani hajalifikisha kwenu likiwa na nyama na mifupa. Hakuna kilichovunjika. Kingevunjika ningekuja kwako uniandike.

Habari ya mwashi nimeisoma mara nyingi. Nimemsomea Mama Cherehani, naye sasa anataka kujua cherehani ni mume au mke. Ni mke, *la machine*. Amesema alijua, kwa jinsi inavyokataa kazi siku za Jumatatu.

Ukurasa wako una makosa mawili. Rudia.

Lakini kwa kuwa zamu zako ni nzito, nakuonjesha somo la pili. Kuna vitenzi viwili ambavyo nyumba nzima imejengwa juu yake: kuwa, na kuwa na. *Je suis*, mimi ni. *J'ai*, mimi nina. Watu wa lugha nyingine huanguka hapa, wewe hutaanguka, maana Kifaransa husema kama tusemavyo sisi. Nina njaa: *j'ai faim*. Nina miaka ishirini na tisa: *j'ai vingt-neuf ans*. Hakuna anayesema "mimi ni njaa" isipokuwa mtu aliyeamua kukosea.

Swali lako la *tu* na *vous* nitalijibu siku nyingine.

Babu


14 Aprili

Babu,

Shikamoo. Mama hajambo, goti la kulia limepata nafuu na sasa la kushoto linaona wivu. Alifurahi kwamba hukuvunjika. Ananiuliza kila wiki, "Mmefika wapi?" Nikimwambia bado tuko kwenye majina, anatikisa kichwa, na sijui anasikitika au anashukuru.

Nimeurudia ukurasa mzima. Uliniandikia Rudia kwa makosa mawili, na moja ni kijialama tu cha juu ya herufi. Sawa. Sheria ni sheria.

Lakini Babu, jamaa wa eksirei anafundishwa na mwalimu wa jioni, na tayari anasema alichokula jana, alikokwenda, na alivyosikia. Juzi alinipita koridoni akanimwagia sentensi nzima. Nikamjibu, "*La chaise*." Ndicho nilichokuwa nacho. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kila barua yako inachukua mwezi kufika, na ikifika inanirudisha nilikotoka. Narudi nyumbani miguu inawaka, nakaa mezani, naandika tena kitanda, kiti, ukuta. Sikulaumu, nakueleza tu. Agosti si mbali. Hatuwezi kwenda mbele huku tukisafisha vya nyuma?

Mjukuu wako


30 Mei

Mjukuu wangu,

Nisamehe kwa ukimya. Wiki mbili nilikuwa hospitali, si ya kwenu, ya hapa. Walinitoa maji, wakanirudisha nyumbani nikiwa mwepesi kama mfuko mtupu. Chumba changu kimehamia sebuleni ili nisipande ngazi. Kutoka kitandani naona mlango, saa ya ukutani, na meza niliyokuwa nikifundishia. Mama Cherehani ameleta mashine yake anashonea hapahapa, anasema mwanga ni mzuri. Mwanga si mzuri. Anajua nami najua.

Huyo jamaa wa eksirei mwache akimbie. Haraka haraka haina baraka. Anayejenga ghorofa bila msingi hulala nje.

Ukurasa wako ulikuwa karibu. Nimekuta kosa moja, kwenye *main*, kiganja. Umeandika *la main*. Ni *le main*. Nimetia alama.

Rudia.

Babu


12 Juni

Babu,

Shikamoo. Mama anaulizia moyo.

Kiganja ni *la main*. Niliposoma alama yako niliona aibu, nikamwendea jamaa wa eksirei kuazima kamusi, akanipa kwa vidole viwili. Ni *la*. Ndivyo nilivyoandika. Ukurasa ulikuwa safi, Babu. Niliuangalia wote, neno kwa neno. Ulikuwa safi, nawe ukautia wino.

Mama anasema ni macho. Anasema mzee wa miaka themanini na moyo wa maji hawezi kulaumiwa kwa herufi moja. Inawezekana. Niandikie kwamba ni macho, nitakuamini, na hatutalizungumza tena.

Ila miaka yote hiyo walikuita Bwana Rudia. Wangekuita Bwana Kosea, ningeelewa.

Mjukuu wako


9 Julai

Mjukuu wangu,

Umeniachia mlango wa kutokea, na ni mlango mzuri. Nilikaa nao karibu mwezi. Mara mbili nilianza kuandika neno "macho". Macho yangu hayana neno. *La main* nimeijua tangu sijaota ndevu.

Nakwambia sasa, kwa sababu daktari ameacha kunitania, na daktari akiacha kutania, mgonjwa anayejua kusoma hana haja ya cheti.

Ulipofika ukurasa wako nilitafuta kosa. Nikatafuta tena kwa miwani. Sikuliona, nikaingiwa na hofu kama mtu anayesikia gari la kumchukua mgeni wake likipiga honi nje. Ukurasa safi ulikuwa na maana kwamba utapata somo la pili, kisha la tatu, kisha utafaulu, kisha utakwenda. Na maadamu uko kwenye kiti na kitanda, unaniandikia. Kalamu ikaenda yenyewe. Hapana, si yenyewe. Niliipeleka mimi.

Hata ucheleweshaji haukuwa wa posta. Barua zangu zilikuwa tayari siku tatu baada ya zako. Mama Cherehani alikuwa ananiuliza, "Hii nayo tunaingojea nini, iive?"

Sasa la pili, ambalo mama yako alilimenyea vitunguu. Mjomba wako. Unajua kwamba yuko nchi hiyohiyo unayotaka kwenda, na kwamba simu zake ni fupi kuliko tangazo la redio. Hujui kwa nini. Nilimfundisha mimi, kwenye meza hii, msimu mmoja wa mvua. Alikuwa mwepesi. Kurasa zake zilikuwa safi kabla wino haujakauka, nami nikatembea mtaani kifua mbele. Alipofika huko alikuwa akiniandikia kwa Kifaransa, kunifurahisha. Na mimi, barua zake nilizisahihisha. Nilizitia wino mwekundu nikamrudishia. Nilidhani ndiyo namna yetu ya kukumbatiana, mimi na yeye, kwa kuwa nyingine hatukuwa nayo.

Siku moja aliandika kwamba amepata mtoto wa kwanza, wa kike. Barua ndefu, ya furaha, imeandikwa mbio. Nilizungushia makosa yake duara, nikaandika chini "Rudia", nikaituma.

Hakurudia.

Bibi yako alinisihi nimwandikie kwa Kiswahili, neno moja tu, pole au hongera. Nilisema nangoja ukurasa. Watoto wake sasa ni wakubwa. Waliwahi kupewa simu wanisalimu. Wana adabu nzuri sana. Waliniita *vous*, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Uliniuliza nikuruhusu neno gani. Tumia lile la karibu. Usinipe lile lingine, nimeshapewa la kutosha.

Hayo ndiyo yangu. Sasa tufanye kazi, muda umebaki kidogo na mimi ndiye niliyeula. Nimeandika kwa siku nne, kipande kwa kipande. Usingoje ukurasa uwe safi.

Kukanusha. Kwetu, kukana hushika kitenzi mbele na nyuma: nasoma, sisomi, anasoma, hasomi. Kwao vilevile, walinzi wawili, *ne* mbele na *pas* nyuma, kitenzi katikati hakina pa kukimbilia. *Je ne lis pas*, sisomi. Usimwache mlinzi mmoja nje.

Jambo lililopita. Chukua "nina", weka tendo lililokwisha. *J'ai mangé*, nimekula. Sasa jamaa wa eksirei hana cha kukutambia. Lakini vitenzi vichache havitaki "nina", vinataka "ni": kwenda, kuja, kufika, kuzaliwa, kufa, kubaki, kuondoka. *Je suis partie*, nimeondoka; na kwa kuwa wewe ni mwanamke, ongeza *e* mwishoni. Viangalie vizuri hivyo vitenzi. Miaka yote nilivifundisha kama orodha ya kukariri.

Jambo lijalo lililo karibu ni kama kwetu: *je vais partir*, naenda kuondoka. Liseme kwa sauti mbele ya ndoo yako ya maji mpaka lisikushtue.

Vingine viko kwenye karatasi zilizofuatana na hii. Mama Cherehani atazipeleka posta leo hii, nimemwapisha.

Babu


27 Julai

Babu,

Shikamoo. Nimeisoma. Nilimsomea Mama mpaka kwenye habari ya mtoto wa kike, hapo akaniambia inatosha, anaijua iliyobaki.

Nilikasirika. Nikikwambia sikukasirika utaujua uongo huo bila miwani. Nilikaa siku kadhaa najiona mjinga kwa kiganja ambacho nakifunga kila siku kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini sina nguvu za kukasirika na kusoma kwa pamoja, kwa hiyo nimeahirisha kimoja.

Karatasi zako nimezibandika juu ya sinki la plasta. Wagonjwa wananisaidia. Yule mwashi alirudi kuondolewa plasta ya mwisho, ananiuliza maswali kutoka ukutani kama mkaguzi. "Haya sista, sisomi?" Nikijibu anageukia benchi, "Kweli hiyo?" Nao wanapiga makofi, na hakuna hata mmoja anayejua.

Umeze dawa.

Mjukuu wako


2 Septemba

Babu,

Shikamoo, na pole. Mama Cherehani alimpigia Mama, tumejua kwamba huinuki tena bila kushikwa. Mama anakuja kwako Jumamosi, magoti yakubali yasikubali. Amenunua sweta la tatu.

Nimefaulu. Nimempita jamaa wa eksirei kwa kidogo tu. Alikuja kunipa mkono, akaniambia, "*La chaise*, hongera." Safari ni mwanzoni mwa Oktoba.

Lakini kuna jambo. Mkubwa wangu anasema inawezekana aende jamaa mwaka huu, mimi niende mwakani, au mwaka wowote watakapopata nafasi nyingine. Nimefikiri. Mtihani ni bahati pia, Babu. Sina hakika kama niko tayari. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema hakuna kwenda mbele bila ukurasa safi, na ukiangalia vizuri, sijawahi kupata ukurasa safi kutoka kwako hata mmoja. Si haki niondoke hivyo.

Kwa hiyo nimekuandikia ukurasa, kwa Kifaransa. Usahihishe. Ukiniambia Rudia, nitarudia, na nitakuja nirudie hapohapo mezani kwako, nipate kukushika ukitaka kuinuka. Nasubiri wino wako.

*Le maison est blanc. Je suis faim. Je suis vingt-neuf ans. Je ne pars.*

Mjukuu wako


19 Septemba

Mjukuu wangu,

Hii naiandika mwenyewe, usimshuku mama yako, yeye ameshika ubao tu. Mistari ikipanda mlima, ifuate. Mama yako amefika, amenivalisha sweta la tatu juu ya mawili. Sasa siwezi kuinama wala kuanguka. Yeye na Mama Cherehani wamepatana mno, wananisema mbele yangu kana kwamba mimi ni mtungi.

Nimepokea ukurasa wako. Niliomba miwani, wakanileta karibu na dirisha.

Nyumba umeifanya mwanaume. Umekuwa njaa, ukawa na miaka yako kama ugonjwa. Na hapo mwisho, uliposema huondoki, mlinzi mmoja umemwacha nje, kwa hiyo hata kukataa kwako ni nusu. Haya ni makosa ya mwezi wa pili, mjukuu wangu. Mengine hukuyafanya hata mwezi wa pili. Nilikwambia kwamba hakuna anayesema "mimi ni njaa" isipokuwa mtu aliyeamua kukosea. Mtu aliyempita jamaa wa eksirei hapotezi nyumba nyeupe.

Nilicheka, nikakohoa, wakaja wote wawili mbio. Halafu nililia kidogo, ila hilo mama yako atakuhadithia na kuliongeza.

Umejifunza kwangu vizuri kupita nilivyotaka. Mimi nilitia alama pasipo na kosa ili usiende. Wewe umeweka kosa ili nitie alama, usiende. Nilikaa na kalamu mkononi tangu chai ya asubuhi. Ningeandika neno moja tu, na kesho kutwa ungekuwa umekaa hapa kwenye kiti hiki cha kike. Sijawahi kutamani kuandika neno lolote hivyo.

Ukurasa wako unarudi ndani ya bahasha hii. Nimeuangalia kwa miwani na bila miwani. Chini nimeandika *Safi*, kwa wino wa bluu, na tarehe, na jina langu. Hakuna kingine nilichokigusa. Kampe mwashi mwingine mguu.

Siku utakapopanda ndege sijui mimi nitakuwa nimepanda nini. Usigeuke kwa ajili hiyo. Vile vitenzi nilivyokuandikia, kuondoka, kufika, kubaki, kufa, vyote vinatumia msaidizi mmoja, lile "ni", vitaelewana vyenyewe.

Ukifika huko mtafute mjomba wako. Mama yako ana anwani, ameificha mahali ambapo mimi nimejifanya sipajui. Usimpelekee maneno yangu, ameyapata ya kutosha. Mwonyeshe ukurasa huu tu. Mwache ausome, mwache aone makosa yote yalivyokaa, kila moja mahali pake, na jina langu chini.

Akikuuliza wino mwekundu uko wapi, mwambie kalamu nimempa Mama Cherehani. Anachorea vitambaa kabla ya kukata.

Babu